Mwongozo wa Kununua Sikilidi: Jina Kamili Kwanza, Rangi Baadaye

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji yanafanana kiasi kwamba naujua mwisho wake kabla sijamaliza kuyasoma. Mtu amenunua samaki wadogo wa rangi za kuvutia kutoka tangi lililoandikwa "mchanganyiko wa sikilidi wa Afrika" (sikilidi ni familia kubwa ya samaki wa maji baridi), amewalisha vizuri, amewabadilishia maji kila wiki, na miezi michache baadaye samaki mmoja amelitwaa tangi zima. Wenzake wamejibanza kwenye pembe karibu na hita, mapezi yao yameraruka, na mara kwa mara kuna mzoga wa kuopoa. Mnunuzi hujilaumu kwamba hajui kufuga samaki. Ninapouliza zaidi, mara nyingi naona matunzo hayana dosari yoyote. Tatizo lilianzia dukani, kwa kuwa aliuziwa samaki asiye na jina.

Uzuri wa rangi, taa, mapambo na nyuzijoto za maji vimeshaandikwa mahali pengi, na sitavirudia. Nimewapanga sikilidi wa mwongozo huu kwa kigezo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukiruka: je, anayemtazama kifaranga leo ana uhakika gani kuhusu samaki atakayekuwa naye baada ya mwaka mmoja? Ziwa Nyasa peke yake lina mamia ya spishi za sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wakiwa wadogo, wengi wao hufanana mno, lakini wakikomaa hutofautiana sana kwa ukubwa, chakula na ukali. Mwenye jina la kisayansi anaweza kuyatafuta yote hayo kabla hajatoa fedha, ilhali mwenye rangi tu hana pa kuanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Melanochromis auratus. Kifaranga wake ni wa manjano ya dhahabu, na mistari myeusi yenye kingo nyeupe humpitia kwa urefu kuanzia kichwani hadi kwenye shina la mkia, nadhifu kama iliyopigwa kwa rula. Jike hubaki na sura hiyo maisha yake yote. Dume mwenye kutawala hugeuka kabisa: mwili huwa mweusi, mistari ndiyo inayobaki na rangi hafifu, na tangu hapo huwafukuza kwanza samaki wanaofanana naye, kisha hata wasiofanana naye. Maylandia lombardoi naye huanza akiwa na rangi ya samawati iliyokatwa kwa mistari myeusi ya wima, na dume akikomaa huwa wa manjano, mkali vilevile. Nimbochromis venustus huuzwa akiwa mdogo mwenye mabaka ya kupendeza, lakini hufikia takribani sentimeta 25 na humeza samaki wanaotoshea kinywani mwake. Wote watatu nimewaona mara nyingi katika tangi moja lenye kibandiko hichohicho cha "mchanganyiko".

Hilo neno "Afrika" nalo lina madhara yake. Pelvicachromis pulcher ni sikilidi wa Afrika, lakini anatoka katika mito ya Nigeria na Kamerun, ambako maji huwa laini, yaani yenye madini machache. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika ni wa Afrika pia, lakini ziwa lao lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha tindikali) inayokaribia 9. Kuwaweka pamoja kwa sababu ya bara lao ni kumhukumu mmoja wao aishi katika maji yasiyomfaa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua samaki, pima ugumu wa maji yako ya bomba au ya kisima. Kwa kazi hii napendelea waziwazi vipimo vya matone vya kampuni ya API, kwa kuwa rangi ndani ya chupa ya kupimia husomeka vizuri zaidi kuliko kwenye karatasi za kuchovya. Jihadhari na jambo moja: seti yao kuu ya maji baridi hupima pH, amonia, nitriti na nitrati, lakini haipimi ugumu. Kipimo cha GH na KH huuzwa peke yake, na kwa mfugaji wa sikilidi hicho ndicho cha kununua mwanzo. GH huonyesha ugumu wa jumla, yaani kalsiamu na magnesiamu zilizomo. KH huonyesha uwezo wa maji kuzuia pH isiporomoke. Maji laini yanaweza kuongezewa ugumu kwa vipande vya matumbawe au mchanga wa aragonaiti. Kuyalainisha maji magumu kunagharimu zaidi na kunahitaji uangalizi wa kudumu, hivyo ni busara kumchagua samaki anayeyapenda maji uliyo nayo.

Nafasi ya kwanza nampa Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, anayeishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote, na hata dume hazidi sana sentimeta 4 au 5. Kifaranga wake hana rangi ya kudanganya: huzaliwa na mistari myembamba ya kahawia na hufa nayo. Dume na jike hufanana, wala hilo si tatizo, kwa sababu ukinunua sita au wanane watajipanga wenyewe na kuanzisha ukoo. Tangi la lita 60 linawatosha, lenye mchanga laini wa kina cha sentimeta 5 hivi na magamba mengi kuliko samaki, angalau mawili kwa kila mmoja. Mtazame mmoja wao akifanya kazi: hujaza mchanga kinywani, huubeba hadi mpakani mwa eneo lake, huutema, kisha hurudi kuchota mwingine, mpaka gamba lake lifukiwe na ubaki mlango tu. Watoto hukua palepale, kizazi juu ya kizazi, bila wakubwa kuwadhuru. Sijaona samaki mwingine wa familia hii anayempa mnunuzi kile hasa alichokinunua kwa uaminifu wa namna hiyo.

Wa pili ni Labidochromis caeruleus wa manjano kutoka Ziwa Nyasa, ambaye ni mpole kwa kulinganishwa na mbuna wengine, yaani sikilidi wa ziwa hilo wanaoishi miambani. Anahitaji tangi lenye urefu wa sentimeta 120 hivi na miamba yenye mapango. Ningemweka wa kwanza, isipokuwa siku hizi machotara wake ni wengi, hasa waliotokana na Maylandia estherae, mbuna mwingine wa ziwa hilo. Ziwani kila spishi ina mwenzi wake. Ndani ya tangi, samaki aliyekosa mwenzi wa spishi yake huzaa na aliye karibu, jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu au zaidi, na vifaranga wanaotoka huuzwa kwa jina la mzazi aliye maarufu zaidi. Mchunguze samaki kwa karibu. Aliye safi ana manjano safi yasiyoelekea rangi ya machungwa, na pezi lake la mgongoni lina ukanda mweusi unaoonekana wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Ukiona rangi ya machungwa, ukanda uliokatika au ambao haupo, au kivuli cha mistari ya wima ubavuni, mwache. Huenda hata si chotara bali ni kifaranga wa Chindongo saulosi, ambaye naye huanza akiwa wa manjano kabla madume hayajageuka samawati.

Kwa mwenye maji laini, nafasi ya tatu naipa Mikrogeophagus altispinosus kutoka maeneo ya Bolivia na Brazili. Wengi humpita na kumkimbilia binamu yake, Mikrogeophagus ramirezi, kwa sababu ya rangi. Nakushauri ufanye kinyume. Ramirezi amezalishwa kwa kupewa maumbo na rangi nyingi za kubuni, anataka maji ya joto zaidi, na wengi hufa mapema wakiwa mikononi mwa mfugaji asiye na uzoefu. Altispinosus ni mstahimilivu, ana urefu wa sentimeta 8 hivi, na hana siri anapokua. Kwa kuwa ni vigumu kutofautisha dume na jike, nunua watano au sita na uwaache wajichagulie wenza.

Aulonocara, kundi la spishi za sikilidi wa Ziwa Nyasa, nimewaweka nafasi ya nne, ingawa madume wao ni miongoni mwa samaki wazuri mno wa maji baridi. Majike wa spishi mbalimbali ni wa kijivu na hufanana kiasi kwamba hata wataalamu husita kuwataja wakiwa wamechanganywa. Kwa hiyo nunua madume waliokomaa tu, wa sura tofauti, na usijaribu kuzalisha usichoweza kukitambua. Yuko pia samaki wa kuogopwa: mdogo mno, lakini amekolea rangi zote za utu uzima. Dume halisi hupata rangi taratibu kadiri anavyokua. Wapo wazalishaji wanaowapa vifaranga homoni ili wang'ae mapema, na rangi hiyo hufifia baada ya kufika nyumbani, wakati mwingine ikagundulika kwamba "dume" huyo ni jike.

Pterophyllum scalare, anayeitwa samaki malaika, anafaa kwa mwenye tangi refu kwenda juu. Astronotus ocellatus, anayeitwa oska, huzidi sentimeta 30, na anayemnunua akiwa na urefu wa kidole lazima awe tayari na tangi la lita mia kadhaa. Symphysodon, wanaoitwa diskasi, ni wa wenye uzoefu.

Tangi la mchanganyiko liko mwisho kabisa, na unafuu wake si wa kweli, kwa sababu huwezi kupanga chakula, idadi wala uwiano wa madume na majike kwa samaki usiowajua.

Kuhusu chujio, sifichi upande wangu: ningenunua Eheim, hasa aina ya Classic inayokaa nje ya tangi. Mbuna hufugwa wengi pamoja ili ukali wa mmoja usielekezwe kwa mnyonge mmoja, na samaki wengi maana yake ni taka nyingi. Chujio hili lina nafasi kubwa ya kuweka vitu ambamo bakteria hukaa na kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na vipuri vyake, kama mpira wa kuzibia na pangaboi la pampu, hununuliwa kimoja kimoja. Liache lifanye kazi wiki 4 hadi 6 huku ukilipatia chanzo cha amonia kabla ya kuleta samaki, na uyasafishe yaliyomo kwa maji uliyotoa tangini, kwa sababu klorini ya bomba huua bakteria hao.

Sasa niwazungumzie wauzaji, maana hapa ndipo ninapokasirika. Majina ya kisayansi mara nyingi yamo katika orodha za wasambazaji. Hupotea kati ya karatasi na tangi, kwa sababu kibandiko kimoja cha "mchanganyiko" ni kazi ndogo kuliko vibandiko kumi, na kwa sababu auratus mwenye jina lake hangenunuliwa na anayeanza. Chotara, kwa upande mwingine, hubuniwa jina la kuvutia na kuuzwa ghali kuliko spishi safi. Mnunuzi anayeuliza huambiwa kwamba wote ni sawa na wataishi pamoja. Usikubali. Omba jina lote la kisayansi liandikwe kwenye risiti, uliza kama wazazi waliwekwa na spishi yao peke yake, kisha omba samaki walishwe mbele yako. Asiyekula, mwenye tumbo lililobonyea au anayetoa choo cheupe kama uzi asinunuliwe hata kama jina lake halina shaka. Ukinyimwa jina, ondoka.

Kwa aliyekwisha kununua mchanganyiko, wapige picha samaki wote kila mwezi, maana mabadiliko ya rangi ndiyo yatakayowataja. Atakayeanza kuwa mweusi huku wengine wakichakaa mapezi mtoe mapema, umpe tangi lake au umrudishe kwa muuzaji. Asiachiliwe kamwe mtoni wala ziwani, hata lile alikotoka babu yake, kwa kuwa samaki wa tangini huweza kupeleka magonjwa na damu ya chotara kwa wale wa asili.