Laptopi ya bei kubwa: inalipa ukinunua ipi?

Laptopi ya daraja la juu inalipa, ila mara nyingi si ile iliyo kwenye boksi jipya. Ukipima kwa thamani ya pesa yako, ya kwanza ni laptopi ya kiofisi iliyotumika kutoka nje, ya pili Macbook Air ya Apple, ya tatu laptopi mpya nyembamba ya Windows, na ya mwisho kabisa ni mpya ya bei poa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza watu wengi. Stika inang'aa, kumbe ndani kuna prosesa dhaifu, Celeron N4020, yenye kore (vitengo vya kufanyia kazi) mbili, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, aina ya polepole, ya GB 64. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na masasisho machache tu yanaimaliza. Fungua Zoom na Excel pamoja, inaganda. Mara nyingi RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, kwa hiyo hata fundi mzuri hana cha kukuongezea.

Sasa ya kwanza. Tafuta Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, zote za mwaka 2018. Zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni, zikatumika miaka kadhaa, kisha zikauzwa kwa jumla, na leo zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi. Hasara kubwa ya kushuka bei ameshaibeba mwingine. Kila moja ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4 na diski unayoibadilisha kwa bisibisi. Weka GB 16, na iwe vipande viwili vya GB 8, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa pamoja na picha zinakwenda vizuri zaidi. Angalia usipewe T480s ukidhani ni T480: kwenye hiyo, sehemu ya RAM imechomelewa.

Usikubali kuambiwa "ni Core i7" ukaishia hapo. Soma namba inayofuata. i7-7600U ni kizazi cha 7 na ina kore mbili. I5-8250U ni kizazi cha 8, ina kore nne, na inaishinda kwa kazi nyingi za kila siku. Kuna sababu nyingine: kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla hujatoa hela, fungua cmd (dirisha la kuandika amri la Windows), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotokea. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ikiwa ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 31,000, betri imebaki na asilimia 62, basi punguziwa bei ya betri mpya. Halafu zima, washa, uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani. Mwombe pia aifute yote na kuianzisha upya ikiwa kwenye intaneti, wewe ukitazama. Likitokea jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado ina mwenyewe.

Macbook Air ya M1 (prosesa ya Apple yenyewe), ya mwaka 2020, inastahili bei yake kwa mwandishi, mhariri wa video nyepesi au mtu anayeshinda mbali na soketi. Haina feni, haichemki ovyo, na chaji inakaa siku nzima ya kazi ya kawaida. Lakini RAM na hifadhi haziongezwi kamwe, kwa hiyo chagua GB 16 tangu mwanzo. Air mpya zimeanzia hapo tangu Oktoba 2024. Kwa iliyotumika, angalia Cycle Count, yaani idadi ya mizunguko ya kuchaji: betri imekadiriwa mizunguko 1,000. Usifunge kifuniko kukiwa na kitu juu ya kibodi, hata kifuniko kidogo cha kamera, maana kioo kinapasuka na kwa kawaida hubadilishwa kifuniko chote cha juu. Hitilafu ya umeme ikiua madabodi, mafaili yanaweza kwenda nayo, hivyo uwe na nakala kwenye diski ya nje. Na kama kazi yako ni Revit (ya kuchora majengo) au ArcGIS Pro (ya ramani), iache kabisa, programu hizo ni za Windows.

Laptopi mpya nyembamba za Windows, mfano Dell XPS 13, zina kioo kizuri na umbo la kupendeza, ila nazo RAM imechomelewa, na pesa nyingi unalipia wembamba. Inunue tu ikiwa unasafiri nayo kila wiki na dukani kuna dhamana inayotekelezwa hapahapa nchini. Uliza kwa maandishi nani anatengeneza, na kwa siku ngapi.