Uzoefu wangu: wiki 10 za mafunzo kwa vitendo katika maabara ya usingizi, Boston

Mwezi Agosti nilimaliza mafunzo kwa vitendo ya wiki 10 katika maabara ya utafiti wa usingizi iliyo chini ya hospitali moja ya kufundishia mjini Boston, nikiwa mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa tatu. Ninawaandikia wenzangu wanaofikiria kuomba nafasi ya namna hii, kwa kuwa tangazo nililolisoma lilitaja sifa za mwombaji bila kueleza mtu akifika anafanya nini.

Kazi kubwa ni kuusoma usingizi wa mtu mwingine. Mshiriki hufika jioni, akabandikwa elektrodi (vihisio vidogo vya kunasa umeme wa mwili) kichwani, kandokando ya macho na kidevuni, akafungwa mikanda kifuani na tumboni, akawekewa kijimrija cha kupima pumzi puani na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kisha akalala huku sisi tukimfuatilia kwenye kompyuta chumba cha pili. Baadaye rekodi hugawanywa vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa hatua yake ya usingizi. Aliyelala kwa muda wa saa 8 ana vipande 960, na vyote hupitiwa kwa macho ya binadamu.

Wiki mbili za kwanza nilikosea mno. Msimamizi wangu alikaa nami kipande kwa kipande, akanifundisha kuvitambua vile vijiwimbi vya kasi vya hatua ya pili, ambavyo hunenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili kama mtumbwi uliotazamwa kutoka juu. Akanionyesha pia kwamba katika usingizi wa REM, yaani ule ambao macho huchezacheza haraka chini ya kope, ambao watafiti Aserinsky na Kleitman waliuelezea mwaka 1953, mawimbi ya ubongo hukaribia kufanana na ya mtu aliye macho, na kinachosaidia kumtambua aliyelala ni misuli ya kidevu iliyolegea kabisa. Malezi hayo ya jicho ndiyo thamani halisi ya programu hii, na sijayapata darasani.

Usiku mmoja nilimfuatilia mzee aliyekoroma sana. Kwetu Tanga tungesema amelala fofofo. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa pumzi ulinyooka kabisa wakati mikanda ya kifua na tumbo ikiendelea kuhangaika, oksijeni ikashuka, kisha akazinduka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu bila kujijua, na mambo yakaanza upya. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio. Matukio 30 au zaidi kwa saa ni ugonjwa mkali wa kukatika pumzi usingizini. Tangu usiku ule nimemsihi baba yangu mdogo aende akapimwe.

Posho ilitosha nauli na chakula, lakini kodi ya chumba ilinibidi nisaidiwe na ndugu. Zamu za usiku zilikuwa mbili kwa wiki, na anayepata shida kulala mchana atateseka.

Kasoro iliyoniuma inahusu nywele. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na maabara haikuwa na utaratibu wowote kwa mtu aliyesuka. Dada mmoja alifika na rasta alizozikalia siku nzima kusukwa, akaombwa azifumue papo hapo, naye akachagua kurudi nyumbani. Nilihuzunika, kwa sababu watu wanaofanana nasi wakiondoka hivyo, usingizi wao haumo katika matokeo. Nililipeleka jambo hilo kwa msimamizi, ambaye alinisikiliza vizuri. Katika wiki ya mwisho tuliandika pamoja maelekezo ya kumpigia mshiriki simu siku kadhaa kabla, kumwuliza amesukaje, na kupanga miadi kabla hajasuka tena au kumwonyesha namna ya kuacha njia za ngozi wazi mahali elektrodi zitakapokaa. Ukipata nafasi katika maabara yoyote ya aina hii, uliza habari ya nywele siku ya kwanza.