Pikapu mpya, umeme wa kusumbua: huduma ya waranti niliyoipata Arusha

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote ni za kijana mmoja wa kitengo cha umeme. Jina la kampuni iliyoniuzia gari silitaji kwa sababu bado tunadaiana jambo moja, ila mwenye gari jipya la dukani hapa Arusha au Moshi ni vizuri ajue atakutana na nini taa za dashibodi zikianza kuwaka ovyo.

Gari lenyewe ni pikapu ya dabo kebini, dizeli, niliyoinunua haijatembea, waranti miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Kazi yake ni kupeleka mboga kwenye loji za Karatu: saladi, brokoli na karoti za Ngaramtoni. Lazima niwe nimetoka mjini kabla hakujakucha, maana jua likishapanda pale Makuyuni saladi inanyauka.

Ugonjwa ulianza kidogokidogo. Kioo cha dereva kikawa kinashuka hakipandi. Baadaye nikiwasha waipa, taa ya ABS (mfumo wa breki) na ya betri zinawaka kwa pamoja, halafu zinazimika zenyewe. Siku ya mvua, napanda mlima ule wa kutoka Mto wa Mbu, taa kubwa zikawa zinafifia kila waipa zinapopiga. Hapo niliogopa kweli, kwa sababu kona zile zina malori ya kila aina. Mwisho ikawa nikigeuza funguo gari liko kimya, halitoi hata mlio. Ukiliacha kidogo, linawaka kama kawaida.

Mapokezi ya karakana ni safi, viti vizuri, chai ipo, na dada wa pale ana adabu. Tatizo ni kinachofuata baada ya kukabidhi funguo. Wanachomeka mashine, wanasoma kodi, yaani namba za hitilafu, wanazifuta, wanakuita. Kwenye karatasi wameandika "hitilafu haikuonekana". "Mama, gari lako liko salama kabisa," naambiwa, na kabla wiki haijaisha taa zimerudi. Wakabadilisha betri bila kunitoza, ingawa waliipima mbele yangu ikasoma volti 12.6, yaani betri nzima. Wakaagiza kompyuta ya ABS kutoka Dar, nikasubiri, ikafungwa, ugonjwa ukabaki palepale. Kisha msimamizi akaanza kuniambia kwamba huenda ni kile kifaa cha kufuatilia gari, na kwamba kama nilifungiwa na fundi wa nje waranti ya umeme inaweza kukataliwa. Nilitoa risiti: kifaa walikifunga wao wenyewe siku niliponunua. Hakurudia tena.

Ndipo nikaandika barua kwa meneja, nikaambatanisha jobu kadi zote, zile karatasi za kazi za karakana, na video za simu, nikaeleza kwamba nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ambayo chini ya sheria ya 2003 ndiyo inayopokea pia malalamiko ya walaji. Safari hiyo gari likapewa yule kijana.

Akaniamkia, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, yakianza hayo, unakuwa umewasha nini?" Nikamwonyesha video. Mashine hakuigusa. Aliwasha taa kubwa, waipa na feni kwa pamoja, akachukua mita, waya mmoja akauweka kwenye kichwa hasi cha betri, wa pili kwenye bodi ya gari. Akanieleza kwamba hapo namba inatakiwa iwe karibu na sifuri, isizidi volti 0.2. Yangu ilikuwa imepita volti 1, na ilikuwa inapanda na kushuka kwa kufuata waipa. Akafungua bolti ya ethi, yaani ya waya unaorudisha umeme wa bodi kwenye betri, iliyo chini ya betri. Nikaona kwa macho yangu: chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi ya kiwandani, nyeupe, haijakwanguliwa, na pembeni pameanza kuungua weusi. Umeme wote wa bodi ulikuwa unarudi kwa kupitia meno ya bolti tu. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akaweka washa ya meno, akakaza, akapima tena. Karibu na sifuri.

Alinifafanulia vizuri mpaka nikaelewa. Ethi ikiwa mbovu, kila kompyuta ndani ya gari inapata volti pungufu na inalalamika kivyake. Mashine inasoma malalamiko, kwa hiyo inasingizia ABS, inasingizia betri, wakati chanzo ni bolti moja. Hata ule ukimya wa alfajiri ulitoka hapo: rilei ya stata, swichi inayoamrisha mota ya kuwashia injini, inakosa njia ya kurudishia umeme. Ninachowalaumu wenye karakana ni hiki, kwamba mtu mwenye ujuzi huo alikuwepo siku zote, na utaratibu wao ni kubadilisha spea kwanza na kupima baadaye.

Gari la kutumia wakati langu likiwa kwao hawatoi. Nilikodi Noah kwa fedha zangu ili wateja wasinikimbie. Waranti ililipa spea na kazi, mzigo ulioharibika hakuna aliyeugusa. Kwa mfanyabiashara hilo ni pengo kubwa, liulizie kabla hujasaini kununua.

Ukipeleka gari, hakikisha jobu kadi ina kilomita na maelezo yako kama ulivyoyasema, na usichomoe betri nyumbani, kodi nyingine zinafutika. Mafundi rewaya wa Unga Limited nawaheshimu sana, wengi wao wangeiona ethi ile mapema, lakini waranti ikiwa hai wasikate waya hata mmoja.

Tangu bolti ile ikazwe nimepita masika nzima na taa hazijafifia. Kioo cha dereva ndicho bado, mota yake inasubiriwa kutoka Dar. Nimewataka waandike kwamba itafungwa bure hata waranti ikiwa imekwisha, meneja ameandika na kutia saini.