Mashine ya presha: naipa nyota nne, moja naipunguza kwa mkanda

Mashine hii ninayo miezi minane sasa. Ni ile ya kufunga juu ya kiwiko. Niliwahi kuwa na ya kifundo cha mkono; ukishusha mkono kidogo tu inakupa namba nyingine.

Lawama kwanza. Mkanda wake ni mdogo. Mimi unanitosha, lakini mume wangu ana mkono mnene, ukawa unambana hadi unafyatuka. Wiki mbili mashine ikamsomea 150 na ushee, tukakosa usingizi. Muuguzi alipouona akacheka: mkanda ukibana, namba inapanda bila presha kupanda. Tulipopata mkubwa, akashuka hadi 130 na kitu. Kwa nini hawaweki yote miwili kwenye boksi?

Mengine sina ugomvi nayo. Kioo nakisoma bila miwani. Tunakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, tunapima mara mbili. Kimya pia kinatakiwa, ila mume wangu na kimya hawajuani. Daktari alituambia wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 turudi kliniki.

Asubuhi moja mume wangu akashindwa kufunga vifungo vya shati, mkono wa kulia hauna nguvu. Nikamwita. Akageuka, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka kama ana pamba mdomoni. Badala ya kutafuta gari, nikakimbilia mashine. 134 kwa 82. Nikashusha pumzi! Robo saa baadaye akawa anaongea vizuri, anatafuta viatu aende kazini, nami nikataka kumwacha. Wifi yangu ndiye aliyetufukuza kwenda hospitali.

Kilikuwa kiharusi cha kupita: damu iliganda, ikaziba mshipa wa ubongo, kisha ikaachia. Kikubwa huweza kufuata siku hizo hizo. Presha kuwa sawa saa ile haiondoi kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, kwa kawaida saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mashine haikukosea, niliiuliza swali lisilo lake.

Daktari alichouliza kwanza ni saa ngapi ilianza. Mume wangu hakumbuki, mimi natetemeka. Nikaitoa mashine kwenye mkoba, nikabonyeza kumbukumbu: saa 1:40 asubuhi.