Betri nzuri, duka la hovyo: yaliyonikuta na sola ya saluni

Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: lile duka la sola pale Mwanza mjini, usiende. Jina silitaji kwa sababu sitaki kesi. Waliowahi kununua pale watalijua kwa yule kijana wa kaunta anayekuhudumia huku anatafuna jojo na macho yake yamo kwenye simu.

Nina saluni ya kiume huku Sengerema, upande ambao nguzo za umeme wa TANESCO bado hazijatufikia. Kinyozi ni mdogo wangu, mimi ndiye mwenye mali na mwenye madeni. Umeme unahitajika kwa mashine za kunyolea, taa, kuchaji simu za watu na sabufa, maana siku hizi kijana hakai kwenye kiti cha kunyolewa bila muziki. Nikanunua kwao kila kitu: paneli, kontrola (inayosimamia chaji ya betri), inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri mbili za kuongeza maji, za ukubwa wa Ah 100 kila moja, laki tatu na ushee kwa betri. Fundi akatoka kwao kuja kufunga. Hilo la fundi kutoka kwao lishikeni.

Kiangazi chote mambo yalikuwa shwari, nikawa nawasifia mpaka kwenye vikoba. Ikaja mvua za vuli, jua likawa la kuchungulia, na hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Saa mbili usiku inveta inapiga kelele, mashine inazima, mteja yuko na kipara upande mmoja. Siku ya jua kali nayo hali ileile: kontrola inaonyesha betri imejaa saa sita mchana, giza likiingia haina kitu. Halafu betri moja ikawa inapata joto ikichaji, ya pili iko baridi.

Nikapiga simu dukani. Jibu la kwanza: "Ongeza asidi, mama." Hivi mtu anauzaje betri miaka na miaka halafu anatoa ushauri huo? Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki humohumo. Ukiongeza asidi juu ya asidi inazila zile sahani za ndani, za madini ya risasi. Kaka yangu ni dereva wa lori, alicheka mpaka akakohoa. Mimi naongeza maji ya betri ya chupa tu, yale safi, tena baada ya kuchaji, kwa sababu maji yakipata joto yanapanda na ukijaza kabla yatafurika na asidi yake juu ya mfuniko.

Basi nikaibeba ile inayopata joto. Betri ile ni mzigo wa mtu mzima anayejiweza. Bajaji, halafu basi, tukapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi (kwa daraja naishukuru serikali, enzi za kivuko ningelala njiani), bajaji tena mpaka dukani. Gauni langu lilitoboka tundu mbili kwa asidi.

Kijana akaiweka kwenye chaja. Baada ya muda akaitoa, akagusisha nyaya za mita kwenye vichwa vya betri, akanigeuzia kioo: volti 12.7.

"Nzima hii, mama."

Nikamwambia, mdogo wangu, imetoka kwenye chaja sasa hivi, lazima isome hivyo. Iache itulie masaa kadhaa, au iwekee mzigo tuone. Hata taa ya gari tu inatosha.

Hakunitazama. Akasema, "Tatizo lako unatumia sana. Sola si TANESCO." Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Akaongeza kwamba wanawake wa vijijini tunaweka maji ya kisima kwenye betri halafu tunakuja kusumbua watu kazini.

Nilikuwa na risiti. Nikamwonyesha alipoandika kwa mkono wake mwenyewe, "waranti mwaka 1". Akaigeuza karatasi, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza, sasa waranti ni ya nini? Akasema ya kiwandani. Kiwanda kiko wapi? Akaenda kumhudumia mteja mwingine. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsubiri meneja, ambaye nina wasiwasi kama yupo. Saa ya chakula wakapitisha sahani ya wali mbele yangu, hata karibu hawakunipa. Mtu mzima, mgeni, nimekaa kwenu na betri miguuni!

Niliporudi nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza betri za magari hapa kwetu. Kibanda chake kichafu, hana kompyuta wala bango la sola. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaniletea kigoda kwanza. Alifungua vifuniko vyote sita, akachukua kile kipimo cha kioo chenye mpira wa kunyonya, kinachopima uzito wa maji ya asidi, akapima seli mojamoja, yaani vile vyumba sita vya ndani ya betri, huku akiandika namba kwa chaki ukutani. Seli tano zilikuwa kwenye 1.24 hivi. Moja ilikuwa 1.15. Betri iliyojaa inatakiwa icheze kwenye 1.26 na seli zote zilingane. Ikitokea moja imeachwa mbali na wenzake, mgonjwa ni huyo. Mita ya yule kijana inasoma jumla ya seli sita, kwa hiyo baada ya chaja tano nzima zinamficha mbovu.

Halafu akafunga taa ya gari. Tulisimama tukitazama ndani ya matundu. Muda si muda ile seli ya tatu ikaanza kutoa mapovu kama uji, nyingine tano zimetulia tuli. Mita ikawa inashuka tunaiona: kumi na mbili, kumi na moja, chini ya hapo. Mzee akasema, "Unaona? Hii inabebwa na wenzake." Bila ya kumpigia mtu kelele wala kumcheka.

Akaja mpaka saluni kutazama ufungaji, na hapo ndipo hasira zangu zilipopanda upya. Betri zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, sawa, lakini nyaya zote mbili za kwenda kwenye inveta zimetoka kwenye betri ya kwanza, na waya wa kuunganisha betri kwa betri ni mwembamba ule wa soketi za ukutani. Kwa hiyo betri ya kwanza ndiyo iliyokuwa inafanya kazi, ya pili inasindikiza. Ilitakiwa chanya itoke kwenye ya kwanza na hasi itoke kwenye ya pili, zibebe sawa. Kwenye kontrola yangu kuna b1, b2 na b3; fundi aliiacha b2, ambayo ni ya betri za jeli, inakomea volti 14.2. Betri za maji ni b3, 14.6. Yaani tangu siku ya kwanza zilikuwa hazishibi, na betri ya risasi inayolala na njaa kila siku huota ile salfeti nyeupe kwenye sahani mpaka inakufa. Inveta nayo inakata volti zikifika 10.5, kuchelewa mno, wakati betri ikitulia kwenye 12.1 tayari imebaki nusu.

Kosa la fundi wao. Si sola, si matumizi, si maji ya kisima!

Ile ya pili mzee aliichaji peke yake polepole, nje ya nyumba, vifuniko vimelegezwa, akipandisha kupita volti 15 mpaka seli zote zikalingana. Akakataza mtu kuvuta sigara karibu kwa sababu ile hewa inayotoka inalipuka. Imerudi, 1.25 kila seli. Kichwani iliota unga mweupe wa kijani, akauosha kwa maji ya magadi, akakaza nati, akapaka grisi. Inafanya kazi mpaka leo: mashine na taa bila shida, sabufa mchana tu.

Kwa hiyo, tuseme ukweli, betri zenyewe si mbaya. Iliyobaki ni betri imara, imeteswa na bado ipo. Na bei yao ilikuwa chini kuliko maduka mengine, hilo siwanyimi. Nilikuwa nimeandika nyota moja, nikataka kuweka tatu. Ukinunua betri tu, ukaja na fundi wako, huenda usijute.

Lakini nikikumbuka ile "sola si TANESCO" na watu wanacheka, narudi kwenye nyota yangu moja. Betri ya kwanza iko nyuma ya saluni. Wanunuzi wa chuma chakavu wanaitaka kwa kilo, ila wao humwaga asidi chini palepale, na mimi nina watoto wanaocheza hapo. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu iliwafikisha mpaka mahakamani. Namsubiri mzee apate mtu wa kuaminika.

Juzi duka limenitumia ofa ya betri za lithiamu, "mteja wetu mpendwa". Nimewauliza waranti yake ni ya dukani au ya kiwandani. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.