Kadi za mkono Lamu: bogainvilia au asumini?

Kusi ikilegea na kaskazi haijashika, Oktoba na Novemba, ni raha kutembea asubuhi kutoka mjini Lamu hadi Shela, kama kilomita 3. (Tazama maji kwanza; yakijaa hufunika sehemu ya njia.)

Njiani okota bogainvilia zilizoanguka, za kukausha na kubandika kwenye kadi; zisiwe na umande. Ile sehemu yenye rangi ni majani, si maua: nyembamba mno, hivyo ikilazwa ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito hukauka kwa wiki moja, na rangi hubaki.

Asumini ina maji mengi. Hugeuka kahawia, na gazeti lisipobadilishwa kila siku hushika ukungu, hasa mvua za vuli zikinyesha. Harufu nayo hupotea.

Kwa kadi, bogainvilia bila shaka. Gundi nyeupe tone moja tu. Ikizidi, karatasi hujikunja. Asumini mpe mtu mbichi, jioni ileile ilipochumwa.