Darasa la nahau za Kiingereza hapa Arusha: lipia ticha, sio kitini

Niliahidi kuleta mrejesho wa lile darasa la jioni la nahau za Kiingereza kwa watu wa utalii, basi wiki 8 zimeisha juzi na mi huyu hapa. Jina la chuo naliacha maana mengine nitakayosema sio mazuri, ila wa Arusha mtajua tu.

Kwanza kwa nini nililipa. Mi ni wa ofisini, najibu imeili za wageni na kuwatengenezea kotesheni, Kiingereza cha kuombea maji ninacho na cha kugombana na mawakala ninacho pia. Sasa mwaka jana mama mmoja wa Chicago anataka kupanda Kilimanjaro na familia, akaniandikia "can you give me a ballpark figure?" Mi kuona park tu nikajua huyu anaulizia viingilio vya hifadhi, nikamshushia jedwali zima, ada ya siku, ada ya kambi, ada ya uokoaji, mpaka VAT nikaichambua. Kimya siku mbili. Akarudi kistaarabu kabisa kwamba alikuwa anataka makadirio tu, safari nzima inacheza kwenye ngapi. Bosi kaisoma ile imeili kacheka mpaka katoka nje, mi nikaanza kutafuta darasa.

Ticha wa kwanza ni mama mtu mzima na aisee huyu mama anajua. Haanzi na maana. Anaandika nahau ubaoni halafu anauliza hii nani anamwambia nani, wakiwa wapi, na hapo wanapatana au wamenuniana? Ndo mnaanza kubahatisha. Siku ya "ballpark figure" (nilimwomba mwenyewe, roho ilikuwa bado inauma) akatuambia ballpark ni uwanja wa besiboli, na kwamba Wamarekani maneno yao kibao ya kazini wameyatoa huko huko, "touch base" (kuwasiliana kidogo), "step up to the plate" (kujitokeza kubeba jukumu), hata "rain check", ambayo ilikuwa kile kipande cha tiketi unachobaki nacho mechi ikivunjwa na mvua ili urudi siku nyingine bila kulipa tena. Hapo jamaa mmoja wa lodge akashika kichwa. Kumbe aliwahi kumkaribisha mgeni chakula cha jioni nje kwenye moto, mgeni akajibu "I'll take a rain check", na yeye akamtoa wasiwasi, mvua leo hamna mama, na hata ikinyesha turubai tunalo. Mtu anakataa kwa adabu we unampa utabiri wa hali ya hewa! Darasa zima chali.

Kingine ambacho sikuwa nakijua kabisa, ukisikia "let's table it" kwa Mwingereza anataka jambo lijadiliwe, kwa Mmarekani anataka mliweke kando kwanza. Neno lile lile. So kabla hujajibu angalia mgeni katoka wapi.

Zoezi lake bora lakini ni la kugeuza kibao. Kila mtu achukue nahau ya Kiswahili amweleze mgeni, na mgeni ni yeye ticha. Dada mmoja akaenda na kumwaga unga, akaitafsiri neno kwa neno kwamba jirani yake kamwaga unga, ticha kwa uso mkavu akauliza pole, mmeshafagia? Dada akajikuta anaeleza habari ya kufukuzwa kazi dakika tano na bado haikolei. Toka siku hiyo nimeacha kabisa kutafsiri nahau kichwani.

Na alikuwa mkali kwenye kutumia. Elewa nyingi, tumia chache, maana wageni wetu wengine ni Wajerumani, Wahispania, Wafaransa, Kiingereza chenyewe nao wamejifunzia shule. Kuna gaidi wetu (samahani, muongoza watalii) alitaka awe anawaambia wageni "break a leg" pale geti la Machame asubuhi wakianza kupanda. Ni kutakiana heri kweli, ila ni ya watu wa jukwaani, na mtu anayekwenda kukanyaga mawe siku sita humtajii mguu kuvunjika!

Sasa ubaya. Wiki ya tano mama akapata dharura akaja kijana mmoja na kitini cha nahau 200 zimepangwa A mpaka Z, anasoma nahau, anasoma maana, twende inayofuata. Humo ndo utakutana na "raining cats and dogs" (mvua kubwa sana), mi nina miaka sita kwenye hii kazi na sijawahi kumsikia mgeni hata mmoja akiisema, na masika yetu wameyaona. Wiki mbili zikaenda hivyo. Mtihani nao wa kuchagua A, B, C, D, nilipata 46 kati ya 50 na haukunipima chochote, mgeni haji na majibu manne ya kuchagua.

Halafu darasa limejaa, tuko 23 na feni moja, ukichelewa unakaa mlangoni na pikipiki za nje unamsikia ticha nusu nusu, kwa somo la kusikiliza hiyo ni hasara.

Laki na themanini nililipa, kwa zile wiki sita za mama sijuti. Kwa hiyo ukienda kujiandikisha uliza kwanza awamu hii anafundisha nani, na usikubali wakujibu "walimu wetu wote wazuri". Akiwa mama, lipa siku hiyo hiyo, akiwa kijana subiri awamu ijayo. Kitini wanakiuza elfu tano pale mapokezi, usinunue, njoo uchukue changu bure.